Sura ya Saba: Kidole cha Kuazima

Kwa maneno ya Regina, jirani wa hema la pili, Manariyo aliondoka mchana kweupe na godoro kichwani. Aliteremka njia ya mawe inayotoka kituo cha wakimbizi kwenda mwaloni Kibirizi, boti zinakotia nanga, akapita katikati ya dagaa walioanikwa, akakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi, akageuka mara moja kutazama alikotoka, kisha akapanda boti ya wanaorejea Burundi. Regina alimpungia mkono. Machozi yalimtoka, alisema, maana wale wawili walikuwa majirani tangu Kagunga, kule mpakani, walipolala ufukweni bila hata turubai na kipindupindu kikichagua wa kuchukua. Kwa hiyo huyu mwanamke aliyetokea baadaye na kadi ya mgao ya Manariyo, mwenye sura ya Manariyo na kovu la Manariyo juu ya nyusi, kwa Regina hakuwa Manariyo hata kidogo. Labda pacha wake. Labda shetani tu.

Koplo Yunisi alimsikiliza mpaka akamaliza, akamwomba aanze tena.

Regina akaanza tena. Godoro kichwani, njia ya mawe, dagaa, kikohozi, kugeuka mara moja. Yunisi akajifanya hakusikia vizuri, akamwomba mara ya tatu. Kikohozi kilikuja palepale, na mkono wa Regina ulipanda kupunga palepale.

Yunisi alikuwa polisi wa Kigoma mzaliwa wa Kasulu, Muha, mtu wa maneno machache. Katika kazi yake alikuwa ameshasikia watu wengi wakikumbuka jambo, na anayekumbuka huwa anarudi nyuma, anajisahihisha, anaongeza kitu alichokiruka. Regina hakurudi nyuma popote.

"Godoro lilikuwa la rangi gani, mama?" aliuliza.

Regina akasema la kijani. Kisha akasema huenda lilikuwa limefungwa kitenge.

Walikuwa wamekaa ndani ya hema lenyewe, hema la Manariyo, ambalo sasa Regina alilala humo kwa kuwa lake linavuja. Godoro la Manariyo lilikuwa palepale, chini ya matako ya Regina, nalo lilikuwa la bluu. Yunisi hakulisema hilo. Alilitazama tu, na Regina akalitazama, kisha akaanza kulisugua kwa kiganja kama mtu anayefuta doa.

Ya pacha ilikwisha haraka. Waha na Warundi wanawapa mapacha majina yaleyale, Bukuru wa kwanza na Butoyi anayemfuata, na hakuna mama wa huko anayeyaruka. Manariyo hakuwa mmoja wao. Yunisi alipomuuliza Regina kama amewahi kusikia mtu akimwita mwenzake Bukuru au Butoyi, hata kwa utani, mama yule alitikisa kichwa.

Basi ikabaki hema. Asubuhi ile Yunisi aliamini kabisa kwamba Regina ndiye mwenye kisa: jirani amelitamani hema lisilovuja, akampata mtu ofisini wa kumfuta mwenzake kwenye orodha ya wakimbizi, kisha akatunga safari. Alimbana kwa upole, swali moja baada ya jingine, ni nani pale ofisini aliyeongea naye. Regina aliapa kwa Bikira Maria. Mwisho akasema lililokuwa moyoni.

Manariyo alikuwa ametoka kituoni kwa siku kadhaa, hilo kweli, alikwenda Katonga kuanika dagaa wa watu kwa ujira, jambo ambalo mkimbizi haruhusiwi na ndiyo maana hakuaga. Katikati ya siku hizo Regina alikwenda kwenye dirisha la mgao kuomba turubai. Makarani wakamwambia turubai hakuna, ila hema la jirani yake li tupu, mwenyewe amesharejea kwao, ahamie. Regina akabisha kwamba Manariyo hawezi kurejea. Wakamwonyesha kwenye mashine.

"Mashine ilikuwa na picha yake, mwanangu. Na kidole chake," Regina alisema. "Nikasema basi kama kidole kimekwenda, na mwenyewe amekwenda. Ndipo nikakumbuka siku moja nilimwona mwanamke na godoro anateremka. Mgongo tu. Nikasema, kumbe alikuwa yeye."

"Na kupunga mkono?"

"Nilipunga baadaye," Regina alisema, akainama. "Kichwani."

*

Manariyo mwenyewe alikuwa mahabusu, katika kituo kidogo cha polisi pale mwaloni. Alikamatwa kwenye dirisha la mgao. Aliweka kidole, mashine ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba mwenye kidole hicho amerejea kwao kwa hiari, naye akasema yupo. Karani akamwambia asilete fujo. Akasema tena yupo. Mlinzi akaitwa, kisha polisi, na kosa likaandikwa: kutumia kadi ya mtu aliyeondoka.

Kidole ni chake na kadi ni ya kuibiwa. Hapo ndipo Yunisi alipokuwa amekwama tangu jana. Alimweleza mkuu wake, Inspekta Jeremia, kwa simu. Jeremia alicheka kwa uchovu. Alisema boti ya wanaorejea inaondoka leo alasiri, na kwa kuwa mama huyo kimaandishi si mkimbizi tena, atapandishwa nayo, na kesi itapanda naye. Asijisumbue.

Shida ilikuwa ng'ambo. Manariyo alikuwa amelieleza hilo bila kulia, kama anayetaja bei ya kitu sokoni. Kwenye gati la upande wa kwao, anayewapokea watu wakishuka na kuwauliza majina ni yuleyule aliyekuja kumchukua mumewe. Mume hakuonekana tena. Manariyo alimtaja mtu yule kwa jina mbele ya watu, akatafutwa siku hiyohiyo, akavuka.

"Ananijua, afande," alisema. "Hatahitaji mashine."

Kwa hiyo Yunisi alikuwa na muda wa kuanzia hapo mpaka boti ipige honi.

*

Ofisi ya Shirika la Tegemeo, linaloandikisha wakimbizi na kuwapa mgao, ilikuwa juu kidogo ya kituo cha wakimbizi, chumba chenye feni na kompyuta mbili zinazotazama ziwa. Msimamizi wake, Bonaventura, alimkaribisha kwa soda na heshima nyingi. Alikuwa mtu mzima, msafi, mwenye tabia ya kunyoosha vitu mezani. Alisema mfumo wao wa kuandikisha hauna mkono wa mtu. Mtu anaweka kidole, basi. Kama kidole cha huyo mama kiliaga, kiliaga.

Yunisi aliomba aone siku kilipoaga.

Aliyefungua kompyuta alikuwa Gervasi, kijana mwembamba aliyeletwa kuujaribu mfumo, macho mekundu ya kukaa mbele ya skrini. Ukurasa wa Manariyo ukatokea. Makarani wa dirishani, Gervasi alieleza, wanaona picha na neno moja tu, yupo au amerejea. Huku ndani kuna zaidi. Akashusha ukurasa. Akaendelea kuushusha.

Manariyo alikuwa amerejea Burundi Jumatatu. Alirejea Jumanne. Jumatano alirejea, na Alhamisi, na Jumapili ambayo hata boti haikuwepo, kila asubuhi, kwa wiki nzima na nyingine iliyofuata, na leo asubuhi, akiwa mahabusu nyuma ya mlango wa chuma, alirejea tena.

"Mtandao," Bonaventura alisema kwa haraka. "Ukiwa dhaifu, mstari unajirudia. Tumeshawaandikia Dar."

Iliingia akilini. Yunisi nusura aikubali. Lakini aliomba afunguliwe mstari mmoja, kisha mwingine, na alipoiona hiyo akaomba yote. Kila asubuhi mashine ilikikataa kidole cha Manariyo mara ya kwanza na kukikubali mara ya pili. Kila asubuhi jina lake liliandikwa vibaya, likafutwa, likaandikwa sawa.

"Mtandao unarudia kilichokwisha," alisema. "Hizi saa ni tofauti, siku ni tofauti. Kuna anayekuja kufanya upya. Ni nani?"

Kwenye nafasi ya jina la karani palikuwa na neno Mjaribu.

Yunisi akauliza Mjaribu ni nani, na kama yupo aitwe. Bonaventura alinyoosha kalamu yake. Gervasi ndiye aliyejibu, taratibu, akiangalia kibodi.

"Si mtu, afande. Ni mimi, lakini si mimi."

Yunisi akamwambia aeleze kama anavyomweleza mama yake. Gervasi akajitahidi. Mfumo kama huu, alisema, ukibadilishwa kidogo mahali pamoja unaweza kuvunjika mahali pengine, kwa hiyo kila siku inabidi mtu akae abonyeze kila kitu aone kama bado unafanya kazi. Ni kazi ya kuua mtu kwa kuchosha. Basi kuna chombo, programu, unaiwasha inakutazama. Wewe unafanya kazi mara moja tu, nayo inarekodi kila unapobonyeza, kila herufi, kila kidole kilichowekwa, hata unapongoja. Ulichorekodi kinaitwa skripti. Baada ya hapo wewe kanywe chai. Skripti inacheza yenyewe, inafanya ulichofanya, vilevile, kila utakapoiamuru.

"Hata makosa?" Yunisi aliuliza.

"Hata makosa."

Alirekodi nyingi alipofika, moja ya kuandikisha mtu, nyingine ya kutoa mgao, nyingine ya kuhamisha familia, na ile ya kumrejesha mtu kwao. Zote zilipaswa kuwa na watu wa uongo, na zilikuwa nao, isipokuwa ile ya mwisho. Kurejea kwao kulidai kidole, na mashine ya vidole haipokei kidole cha mtu asiyekuwepo. Yeye mwenyewe si mkimbizi, chake kilikataliwa. Siku hiyo Manariyo alikuwa mlangoni na beseni la maandazi anayowauzia kila siku. Gervasi alimwomba kidole.

"Ukamwambia ni cha nini?"

"Nilimwambia ni cha kujaribu. Akacheka. Akasema nyie mnakula maandazi yangu, nitawanyima kidole?"

Hapakuwa na ubaya, Gervasi aliendelea, kwa kuwa skripti zile zilikuwa zinacheza kwenye mfumo wa mazoezi, ambao ukimfukuza mtu humo hapati hata mafua. Lakini skripti zilizidi. Alikuwa akizipa majina ya haraka, jaribu, jaribu jipya, jaribu jipya kabisa, mpaka hata yeye akawa hazijui. Wageni kutoka kwa wafadhili wakatangaza kuja. Bonaventura akamwambia azipange, wageni wasikute takataka. Naye akazipanga kwenye folda kwa kazi zake, za kuandikisha pamoja, za mgao pamoja, za kurejesha pamoja. Zikapendeza. Alichokisahau ni kwamba folda aliyoitumia kwa za kurejesha ilikuwa inachezwa kila asubuhi kwenye mfumo halisi, kuangalia tu kama umeamka. Zamani ilikuwa na skripti moja ya kufungua mfumo na kuufunga. Baada ya kupanga, ikawa na hiyo na ya Manariyo.

Yunisi hakutaka kuambiwa, alitaka kuona. Akamwamuru aicheze, kwenye ule wa mazoezi. Gervasi akabonyeza, akaondoa mikono mezani na kuiweka mapajani.

Kishale kikaanza kutembea kwenye skrini bila mtu. Kilifungua ukurasa. Jina likajiandika, Manaryo, likasita, likajifuta, likajiandika vizuri. Kikaja kisanduku cha kidole. Mashine ikakataa. Kisha kishale kikasimama. Kilisimama muda mrefu, hata Yunisi akadhani mashine imekwama.

"Imeharibika?"

"Hapana," Gervasi alisema. "Hapa anafuta mafuta ya maandazi. Kidole kilikuwa kinateleza. Anafuta kwenye kitenge."

Wote watatu walingoja Manariyo amalize kufuta kidole. Kisha mashine ikakubali, neno jekundu likatokea, na ukurasa ukajifunga.

*

Kumrudisha ingekuwa rahisi, Yunisi aliwaza kwa sauti. Kama kuna skripti ya kumpeleka, ichezwe ya kumleta. Gervasi alisema hakuna. Hakuna aliyewahi kurekodi ya mtu kurudi, kwa sababu mfumo haujui kitu hicho. Aliyekwisha kurejea kwao hupokelewa upya mpakani tu, kama mgeni, kwa miguu yake. Na mpaka ulikuwa haupokei wageni tena.

"Yaani ili awepo hapa, lazima kwanza aende kweli," Yunisi alisema.

Akamgeukia Bonaventura. Alichotaka ni kidogo: tamko lake na sahihi yake kwamba mama huyu hajaondoka, ili alipeleke gatini kabla ya boti. Bonaventura alisikiliza akinyoosha karatasi zisizopinda. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeona huruma, kwamba idadi ya waliorejea imeshatangazwa. Imesomwa kwenye mikutano, imepigiwa makofi. Akisema mmoja hakuondoka, ataulizwa habari za wa pili. Utafunguliwa ukurasa wa kila mmoja.

"Na ukifungua, utakuta nini?" Yunisi aliuliza.

"Sijui, koplo. Ndiyo maana sifungui."

Yunisi akatoka nje kumpigia Jeremia. Kabla ya kutoka alimwambia Gervasi neno moja la haraka, kwa hasira, mkono tayari mlangoni: kitu hicho kisicheze tena. Alikuwa akiwaza asubuhi ya kesho.

Nje upepo ulikuwa umepanda, simu ikawa inakatika. Jeremia alimsikiliza nusu, akasema hadithi ni nzuri, na je, ana ushahidi wa kushika mkononi? Yunisi akasema anao. Jeremia akasema akiuleta atasimamisha boti mwenyewe.

Yunisi alirudi ndani akikaribia kukimbia. Aliomba aondoke na kompyuta yenyewe, pamoja na skripti ndani yake. Gervasi alikuwa amekaa kama alivyomwacha, mikono mapajani, ila sasa alikuwa analia kimyakimya, na Bonaventura alisimama nyuma yake.

"Tumeshasafisha, koplo," Bonaventura alisema. "Skripti na mistari yake ya kila siku. Umebaki ule wa kwanza tu, kama wa mtu yeyote. Wewe mwenyewe ulisema isicheze tena."

Yunisi alimtazama Gervasi. Akamuuliza kama atakuja naye kusema alichokisema. Gervasi alifungua mdomo. Kiganja cha Bonaventura kilitua begani kwake, bila nguvu, kikanyoosha ukosi wa shati lake.

"Mimi hata skripti hiyo siikumbuki vizuri," Gervasi alisema.

*

Aliteremka kwa njia ya mawe. Mwaloni watu walikuwa wanakusanya dagaa haraka, mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Kongo. Boti ilishaegeshwa. Waliokuwa wanarejea walikaa juu ya mizigo yao, na mtu wa kupakia alikuwa anawataja majina.

Jeremia alikuwa ameandika ujumbe: mpandishe, funga jalada, mengine tutaongea ukirudi mjini. Chini yake aliongeza kwamba yeyote atakayeandika tofauti na mfumo, aandike na barua ya kuacha kazi.

Manariyo alitolewa mahabusu akiwa na kitenge na ndala, hana mzigo. Godoro lake lilikuwa juu hemani, limelaliwa. Yunisi alimweleza yote, kwa Kiha, kwa kuwa Kirundi chake kinasikilizana nacho na kwa kuwa askari wa zamu alikuwa Msukuma. Alimweleza habari za skripti, folda, idadi. Hakumficha hata lile neno lake la mlangoni.

Manariyo alisikiliza. Mahali pa mafuta ya maandazi alitabasamu kidogo, akatazama kidole chake.

"Ego, ndiyo," alisema. "Nakumbuka. Kilikuwa kinateleza."

Jina lake likaitwa gatini. Hakujongea. Askari wa zamu akasogea, Yunisi akamwashiria angoje.

Juu ya kaunta kilikuwepo kitabu cha matukio cha kituo, cha karatasi, kisichofutwa na mashine yoyote, kimefunguliwa, na kidau cha wino wa alama za vidole kando yake. Manariyo alivitazama, kisha akamtazama Yunisi, aliyemsimamia tangu jana.

"Umeniona hapa, afande? Mimi, si mwingine?"

"Nimekuona."

"Mimi niliwaazima kidole, sikuuliza cha nini," Manariyo alisema. "Na wewe niazime chako. Andika hapo kwamba nipo, uweke kidole. Basi. Sitakuomba kingine."

Jina likaitwa mara ya pili. Matone ya kwanza yakaanza kupiga bati. Yunisi alikuwa ameweka mkono kaunta, karibu na wino, vidole vyote vitano vimetandazwa, na wote wawili waliutazama mkono ule huku boti ikipiga honi.